Dawa ya Deni ni Kulipa, si Kuchora Sura

Hivi majuzi, katika mkutano wa akina mama wa tawi letu, mama mmoja alifungua pindo la khanga yake akatoa sarafu ya kigeni. Mwanawe anafanya kazi Marekani, na alipokuja likizo alimletea mama yake sarafu hiyo iwe kumbukumbu. Ni senti 25 za Marekani, yaani robo ya dola. Upande mmoja una kichwa cha George Washington, rais wa kwanza wa nchi ile. Upande wa pili una mwanamke mweusi aliyevaa mavazi ya urubani, na pamoja naye ndege ya zamani. Jina lake limeandikwa hapo: Bessie Coleman.

Sarafu ilizunguka mkono kwa mkono. Sisi tuliopata kusoma kidogo tukaeleza habari zake: kwamba alizaliwa Texas mwaka 1892, akafanya kazi ya kutengeneza kucha za wateja mjini Chicago, na shule za urubani za kwao zikamkataa kwa kuwa ni mwanamke na tena ni mweusi. Basi akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, na tarehe 15 Juni 1921 akapata cheti chake cha urubani huko Ufaransa. Akina mama wakapiga vigelegele.

Ndipo bibi mmoja mzee, mwanachama wa siku nyingi, alipoishika sarafu ile, akaigeuza, akauliza: "Je, walimpa hii alipokuwa hai?"

Tukamjibu kwamba hapana. Bessie Coleman alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1926, na sarafu hii ilitoka mwaka 2023.

Bibi akairudisha kwa mwenyewe, akasema: "Basi hawakumpa yeye. Wamejipa wenyewe."

Maneno hayo yametukaa moyoni, na ndiyo sababu twaandika leo. Twaona kwamba bibi yetu amesema kweli, ingawa si kweli yote. Yafaa tuipime sarafu hii pande zote mbili, maana hapana sarafu yenye upande mmoja.

Kwanza tueleze ilivyotokea. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya sarafu hizi mwishoni mwa mwaka 2020, ikatiwa sahihi mwezi Januari 2021. Tangu mwaka 2022 hadi 2025, kila mwaka walitolewa wanawake watano katika robo ya dola, jumla yao 20. Wamo waandishi, waganga, wanasheria, walimu, waimbaji, wataalamu wa nyota na wachezaji wa michezo. Wamo weusi, wenyeji wa asili wa bara lile, wenye asili ya Mexico, ya China, ya Japani na ya Korea. Nyingine zilitengenezwa kwa fedha halisi mjini San Francisco, wakauziwa wakusanyaji wa sarafu kwa bei kubwa kuliko thamani iliyoandikwa juu yake. Lakini nyingi mno, kwa mamilioni, zilipigwa chapa katika viwanda vya Philadelphia na Denver ili zitumike kama senti nyingine zote. Mtu akinunua mkate huko huweza kurudishiwa chenji yenye sura ya Maya Angelou, naye asijue mpaka afike nyumbani.

Hilo twalisifu. Sarafu ya kabatini huonwa na mwenye kabati na wageni wake, bali sarafu ya sokoni huingia katika kiganja cha mfagiaji na cha waziri. Heshima inayopita sokoni ni heshima ya umma.

Wako watakaosema ati sura ya sarafu ni pambo tu. La hasha! Waulizeni wazee walioishika shilingi ya simba ya wakati wa ukoloni. Upande mmoja simba, upande wa pili kichwa cha mfalme wa Uingereza. Mkulima ambaye hakujua kusoma, ambaye hakumwona mfalme huyo wala hakutazamia kumwona, alimjua bwana wa nchi kila alipokwenda kulipa kodi ya kichwa. Sarafu ni gazeti la asiyejua kusoma. Ndiyo maana mwaka 1966, Tanzania ilipotoa sarafu zake yenyewe, kichwa cha kigeni kiliondoka na kichwa cha Mwalimu Nyerere kikakaa mahali pake, na katika shilingi ukawashwa mwenge. Serikali ichongapo sura katika fedha yake huwa inasema: huyu ni wetu, na sisi ni wake.

Basi tazameni Marekani ilisema nini kwa miaka mingi. Sheria yao ya mwaka 1792 iliamuru sarafu ziwe na alama ya Uhuru, na mafundi wakamchora Uhuru kwa umbo la mwanamke. Twaweza kudhani kwamba hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa wanawake. Lakini mwanamke yule hakupata kuzaliwa. Hakuwa na jina, wala mtoto, wala shamba, wala neno la kudai. Mwanamke wa kubuni alikaa juu ya dola, na huku mwanamke wa kweli akingoja mpaka mwaka 1920 ndipo katiba ya nchi ikataze kumnyima kura kwa ajili ya uanamke wake. Na dada zetu weusi wa majimbo ya kusini walizuiwa kwa hila na vitisho hata baada ya hapo, mpaka ilipotoka sheria ya mwaka 1965. Ni rahisi kumheshimu mwanamke asiyekuwako, maana hadai kitu.

Sasa tufungue daftari la madeni.

Wa kwanza ni Susan B. Anthony. Mwaka 1872 alikwenda kupiga kura, akakamatwa, na mwaka 1873 hakimu akamtoza faini ya dola 100. Akasema hatalipa hata dola moja, naye hakulipa mpaka kufa kwake mwaka 1906. Mwaka 1979 serikali ileile ikamchora katika sarafu ya dola 1, akawa mwanamke wa kwanza wa kweli katika sarafu za Marekani za kutumika sokoni. Nayo sarafu hiyo haikupendwa na watu kwa kuwa ilifanana mno na robo ya dola. Ikaachwa mwaka 1981, ikatengenezwa mara moja tu tena mwaka 1999.

Wa pili ni Sacagawea, binti wa kabila la Shoshone, aliyefuatana na wapelelezi Lewis na Clark walipovuka bara lile kati ya mwaka 1805 na 1806. Alikuwa mkalimani wao, na njia nzima alimbeba mwanawe mchanga mgongoni. Safari ilipokwisha, mumewe alilipwa dola 500 na kitu, tena akapewa ardhi eka 320. Yeye hakupewa hata senti moja. Mwaka 2000 akachorwa katika sarafu ya dola 1 pamoja na mtoto wake. Na kwa kuwa hapana picha yake iliyobaki, mchoraji alimtumia msichana wa kabila lake kuwa mfano. Basi hata sura ile si yake.

Wa tatu ni Harriet Tubman. Alitoroka utumwani mwaka 1849, kisha akarudi mara 13 hivi kuwatoa wenzake wapatao 70. Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe alilitumikia jeshi la serikali kwa upishi, uuguzi na upelelezi, na mwezi Juni 1863 aliongoza pamoja na askari shambulio la mto Combahee lililowapatia uhuru watu zaidi ya 700. Vita ikaisha mwaka 1865. Alidai haki yake kwa miaka zaidi ya 30! Kwanza alipewa dola 8 kwa mwezi kwa sababu ya kuwa mjane wa askari, na mwaka 1899 zikafanywa dola 20, yaani 8 za ujane na 12 za uuguzi. Upelelezi wake haukutiwa katika hesabu hiyo. Alikufa mwaka 1913. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba sura yake itawekwa katika noti ya dola 20, na tangu hapo imekuwa ahadi ya kuahirishwa. Mwaka 2024 zikatoka sarafu zake za dhahabu, za fedha na za nusu dola, lakini hizo ni za wakusanyaji, hazikupelekwa sokoni. Aliyengoja miaka 30 kwa dola 20 za pensheni, angojeshwa tena kwa noti ya dola 20.

Wa nne ni mwalimu, nasi tuliopitia chuo cha ualimu twamwona kuwa mwenzetu. Ida B. Wells alizaliwa mtumwa mwaka 1862 katika jimbo la Mississippi. Mwaka 1884 alitolewa kwa nguvu katika behewa la treni alilolipia nauli, akashitaki, akashinda, akaamriwa alipwe dola 500. Mahakama ya juu ya jimbo la Tennessee ikaigeuza hukumu mwaka 1887, akaambiwa alipe yeye gharama za kesi! Aliandika juu ya ubovu wa shule za watoto weusi, akafukuzwa ualimu. Aliandika juu ya watu weusi waliouawa na makundi ya wazungu bila hukumu yoyote, mtambo wa gazeti lake ukavunjwa mwaka 1892. Aliendelea kuandika mpaka kufa kwake mwaka 1931. Sarafu yake ilitoka mwaka 2025. Na tusisahau kwamba Washington, ambaye kichwa chake kimo upande wa pili, alikuwa na watumwa. Aliyemiliki watumwa na aliyezaliwa mtumwa wamo katika kipande kimoja cha chuma, wamepeana migongo.

Hata kichwa hicho cha Washington kina deni lake. Mwaka 1932 ilipotakiwa sura mpya ya robo ya dola, kamati ya wajuzi wa sanaa ilipendekeza kazi ya mchongaji mmoja mwanamke, Laura Gardin Fraser. Waziri wa Fedha akaikataa, akachagua kazi ya mwanamume. Bibi Fraser alikufa mwaka 1966. Mwaka 2022, baada ya miaka 90, kichwa alichokichonga ndicho kilichowekwa katika sarafu hizi za wanawake.

Ndugu wasomaji, mwaona wenyewe. Faini kwa huyu, mshahara wa bure kwa yule, pensheni ya kuombewa kwa wa tatu, gharama za kesi kwa wa nne. Wote walidai fedha wakiwa hai, wote wakapewa sura katika fedha wakiwa kaburini. Hapo bibi yetu amesema kweli tupu.

Lakini twasema si kweli yote, kwa sababu hii. Sarafu hailipi deni, bali hulikiri. Na mdaiwa aliyekiri mbele ya mashahidi hawezi tena kusema hakukopa. Mtoto mweusi wa Memphis au wa Chicago akiishika senti 25 yenye jina la Ida B. Wells ameshika hati. Aweza kuuliza: kama mama huyu alikuwa na haki, basi aliyemfukuza alikuwa nani, na mali aliyovunjiwa i wapi? Serikali imemjibu nusu ya kwanza kwa mkono wake yenyewe. Nusu ya pili ni kazi ya kudai, na kudai ni kazi ya walio hai.

Wengine watasema: sheria ya sarafu hizi ilikataza kumchora mtu aliye hai, nayo ni sheria ya busara. Twakubali. Taifa lililomkataa mfalme lachelea vichwa vya wakubwa katika fedha, na wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi hatuombi sarafu kwa walio hai. Twasema kwamba chanda chema huvikwa pete, na pete huvikwa chanda chenye joto. Mtazameni Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon, mwaka 1957, akashinda tena mwaka 1958. Siku zile washindi hawakupewa fedha. Katika miaka ya 1990 alikuwa mgonjwa na hana kodi ya nyumba wala fedha za dawa, mpaka Angela Buxton, mwenzake wa zamani wa uwanjani, alipowaomba wapenzi wa mchezo ule wamchangie. Alikufa mwaka 2003, na mwaka 2025 akapata robo ya dola. Katika hayo mawili, mchango wa rafiki na sarafu ya serikali, ni lipi lililomfaa mwenyewe?

Wako pia watakaouliza: mambo ya Wamarekani yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa baadhi ya wanawake hawa walijiona kuwa ni wetu kabla sisi hatujawajua. Pauli Murray, aliyetolewa katika sarafu ya mwaka 2024, alikwenda Ghana mwaka 1960 kufundisha sheria, akashiriki kuandika kitabu juu ya katiba ya taifa lile changa. Maya Angelou aliishi Accra wakati wa Kwame Nkrumah, akifanya kazi miongoni mwa watu wa pale. Walikuja kutafuta uhuru wetu, ili kwao wapate nguvu ya kudai wa kwao.

Tena yatuhusu kwa kuwa kidole kinachowanyoshea Wamarekani kina vidole vitatu vinavyotutazama sisi. Kila mtu Dar es Salaam aijua barabara ya Bibi Titi Mohamed. Tangu mwaka 1955 mama huyo aliongoza akina mama wa TANU, akazunguka nchi kuwaandikisha. Mwaka 1969 alikamatwa, akahukumiwa kwa uhaini, akaachiliwa mwaka 1972, akafa mwaka 2000. Kesi ile ina vitabu vyake, nasi hatuifungui hapa. Twauliza neno moja tu: yeye ana barabara, lakini maelfu ya akina mama waliomfuata, majina yao yameandikwa wapi?

Tulijiuliza swali hilo, tukaenda kufungua daftari la zamani la tawi letu. Tumeona haya, lakini hatuna budi kusema tuliyoyakuta. Katika ukurasa wa wale walioijenga ofisi, wanaume wameandikwa mmoja mmoja, jina la mtu na la baba yake. Chini yao imeandikwa hivi: "na akina mama 14." Basi. Hapana jina hata moja.

Tukamwendea yule bibi nyumbani kwake tukiwa na daftari jipya. Alitutajia majina 11, matatu hakuyakumbuka. Kati ya hao 11, wanne wako hai. Tena alitueleza jambo ambalo hatukulijua. Ofisi ilipokuwa inaezekwa, fedha zilipungua, na akina mama wale wakatoa akiba yao ya kuuza vitumbua ili mabati yatimie. Waliambiwa ni mkopo, na kwamba watarudishiwa. Hawakurudishiwa. Miaka yote hii tumeketi chini ya mabati yale, tumesoma hotuba juu ya heshima ya mwanamke, mvua ikinyesha nje, nasi hatujui kwamba paa lenyewe lina deni.

Kwa hiyo twatoa shauri letu kwa matawi yote, nalo ni fupi. Fungueni madaftari yenu. Palipoandikwa "na akina mama", wekeni majina, maadamu wako wanaokumbuka. Ikiwa kuna aliyekopesha, alipwe yeye, au walipwe watoto wake. Na siku za mikutano mikubwa, wale wanaopika tangu alfajiri waitwe nao wakati wa kupigwa picha, na posho yao iwe katika hesabu kama posho ya mpiga vipaza sauti. Hayo yakiisha, anayetaka kuchonga sanamu na achonge.

Sisi tumeanza kwetu. Hoja ya mabati imetiwa katika ajenda ya mkutano ujao wa halmashauri ya tawi, nayo ni hoja ya kwanza, kabla ya ripoti ya katibu. Tulipomwambia bibi hivyo, hakutushukuru. Aliuliza mkutano ni siku gani, na saa ngapi, akasema atakuja.